Unaingia mashindano ya strongmani mara ya kwanza? Kimbia sifuri

Strongmani ni mashindano ya nguvu, mnainua, mnabeba na kuvuta vitu vizito. Shindano langu la kwanza nilivuta dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima) nzito kuliko wote uwanjani, watu wakapiga kelele, nikajua leo narudi na kikombe. Ikaja logi (bomba pana la chuma unaloinua juu ya kichwa), nikashindwa kuinua hata mara moja. Mabega yalikua na nguvu ya kutosha, jimu nilikua napresi (nasukuma chuma juu ya kichwa) kilo nyingi kuzidi ile logi, ila nlikua sijawahi kuishika logi maishani, nimezoea chuma chembamba tu. Nikaandikiwa sifuri na mpaka jioni ile sifuri haikuzibika. Sahivi nakochi vijana na anaekuja kwangu namwambia hicho kabla hajagusa chuma, shindano la kwanza usitafute kushinda, kimbia sifuri.

Hesabu iko hivi. Mkiwa washiriki 10, wa kwanza kwenye iventi (mchezo mmoja kati ya ile ya siku hiyo) anapata pointi 10, wa pili 9, mpaka wa mwisho anapata 1, na ambae hajafanya chochote kinachohesabika mara nyingi anapewa 0. Chukua iventi 5. Mtu anaeshinda tatu alafu anazikosa mbili kabisa ana 30. Mtu ambae hajashinda hata moja, yeye ni wa nne tu kila mahali, ana 35. Umeona? Na hii haiko kwa wachanga (wanaoanza) peke yao, Rayno Nel wa Afrika Kusini alivyochukua ubingwa wa dunia wa strongmani 2025, Mwafrika wa kwanza tangu mashindano yale yaanze 1977, alimpita Tom Stoltman wa Uskoti kwa nusu pointi. Nusu! Yani repu moja (kuinua mara moja) au hatua mbili tatu pale katikati zingetosha kugeuza matokeo.

Kwaiyo ukishapata fomu kitu cha kwanza sio kwenda kujipima dedilifti, soma iventi zote na uzito wake, na kama hazijaandikwa vizuri mpigie muandaaji umuulize. Uliza logi ina unene gani, mzigo unabebwa mita ngapi, muda ni sekunde ngapi (nyingi ni 60), kamba za mikono (za kufunga kiganja kwenye chuma) zinaruhusiwa kwenye iventi ipi, jiwe linapita juu ya chuma au linawekwa kwenye meza, meza ina urefu gani. Kamba za mikono ndo zinazoumiza wengi, mtu kafanya mazoezi miezi mitatu na kamba alafu siku yenyewe anaambiwa kwa kubeba hairuhusiwi, mkono unafunguka mita ya nane. Alafu ingia kundi la wachanga kama lipo, usione aibu. Walioko Uingereza au Marekani mna bahati, madaraja ya wachanga huko ni kitu cha kawaida, na ya wanawake pia.

Vifaa sasa. Usikae kusubiri vya dukani. Kiroba cha mchanga kinatengenezwa leo leo, kiroba ndani ya kiroba, mchanga mkavu uliochekechwa, unafunga kwa plastiki nzito na tepu nzito ya gundi kuzunguka kote. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu inakaribia kilo 30 na kidogo, ila usikisie, peleka kwenye mizani ya mashine ya kusaga wakupimie, uandike kwa maka penu. Madumu mawili ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 20 kila mkono, ukiweka mchanga unapita 30, kwa wiki za mwanzo yanatosha, baada ya hapo yaache maana mkono wa dumu utakatika siku usiyotegemea na unakata vidole. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kila mtaa upo. Nira (fremu ya chuma yenye nguzo mbili unayobeba mgongoni) na logi nenda kwa mchomeleaji, logi ni bomba pana la chuma lenye mikono miwili ndani inayotazamana, na hapa usibane hela, mwambie achomelee kuzunguka kote sio kudonoa pembeni, maana kile chuma kitakua juu ya kichwa cha mtu.

Nikae kidogo kwenye logi kwasababu ndo inatoa sifuri nyingi kwa wachanga. Haiinuliwi kama chuma cha kawaida. Unaivuta mpaka mapajani ukiwa umechuchumaa nusu, unaikumbatia pale, inakaa kwenye tumbo, unapumua, alafu unasimama kwa nyonga huku unaiviringisha kupanda kifua na viwiko vinaenda juu. Viwiko! Vikishuka logi inakuvuta mbele na imeisha. Kichwa kinarudi nyuma kidogo, kifua kinakua kama rafu ya kuwekea logi, magoti yanashuka kidogo tu alafu miguu inasukuma na mikono inamalizia. Alafu tulia juu mpaka jaji aseme shusha. Repu nyingi zinakataliwa hapo, mtu kainua vizuri kabisa ila kashusha kabla ya amri. Iron Biby wa Burkina Faso, alieinua logi ya kilo 229 kule Glasgow mwaka 2021, tafuta video zake uangalie viwiko na kifua, usiangalie mabega peke yake.

Nira inakaa chini kidogo ya shingo, juu ya misuli ya mgongo, sio kwenye mfupa. Sukuma mikono kwenye nguzo kwa nje ili isiyumbe, vuta pumzi ujaze tumbo, simama, na hatua za kwanza tatu ziwe fupi kabisa. Anaeanza anataka kukimbia na hatua ndefu, nira inaanza kubembea na akishapoteza msawazo hairudi. Kubeba mikono miwili ni hivo hivo, hatua fupi za haraka, na ushike chuma katikati kabisa, ukishika mbele kidogo tu inainamia na inakusumbua njia nzima.

Jiwe na tairi (lile kubwa la kupindua) nasema kwa msisitizo, USIKUNJE MIKONO unapoanza kunyanyua. Msuli wa mbele wa mkono unachanika hapo, na ukichanika ni opereshen na miezi mingi nje. Mikono ni ndoano tu, imenyooka. Jiwe unalikumbatia, linakuja mapajani, unakaa nalo, unasogeza mikono juu yake, alafu nyonga inalirusha kupanda kifua. Tairi unaweka kifua juu yake na unasukuma kwenda mbele kwa miguu kama unasukuma gari iliyokwama kwenye matope, ikifika usawa wa kiuno goti linaipiga alafu unageuza mikono uimalizie kwa kusukuma. Ukivuta tairi kwenda juu kama dedilifti unajitafutia matatizo.

Kuvuta lori sina mengi. Inama chini sana, hatua fupi, na likishaanza kutembea usisimame kwa sababu yoyote, kulianzisha upya ndo kazi.

Mpango wa mazoezi, wiki 10 zinatosha kwa mtu ambae tayari anapiga chuma. Siku tatu za jimu na siku moja ya iventi, basi, wengi wanaharibu kwa kutaka kubeba mawe kila siku. Mimi naweka jumatatu kupresi (logi kwanza alafu vingine), jumatano skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na mgongo, ijumaa dedilifti nyepesi ya spidi na mshiko, jumamosi au jumapili asubuhi iventi mbili au tatu nje. Anza na kama asilimia 60 ya uzito wa shindano, panda taratibu, na uzito kamili uguse mara moja au mbili tu, wiki ya tatu na ya pili kutoka mwisho. Dedilifti nzito ya mwisho iwe siku 10 hadi 14 kabla. Wiki ya shindano unafanya vitu vyepesi viwili vya kupasha mwili, unalala. Vijana wanateseka sana na hii wiki, wanaona kama nguvu inapotea, haipotei, uchovu ndo unatoka.

Chakula hakuna siri, wali, ugali, maharage, mayai, samaki, ndizi, kula ushibe kila siku. Kujikausha maji ili uingie kundi la uzito mdogo kwa shindano la kwanza nakataa, kijana wangu mmoja alifanya bila kuniambia, akapoteza nguvu na misuli ikamkaza kwenye nira, nililia nae siku ile maana alijiandaa vizuri mno.

Sasa wewe kocha. Kabla ya yote muulize mtu wako habari za presha, moyo, na kama kuna ngiri. Ukibana pumzi chini ya mzigo mzito presha inapanda sana kwa sekunde zile, mwenye presha aanze kwa daktari, sio kwako. Alafu jifunze kutofautisha uchovu na maumivu, misuli kuuma sehemu yote ni kawaida, kitu kinachochoma sehemu moja karibu na kiungo simamisha, hata kama zimebaki wiki mbili, mashindano yapo mwakani. Mchukue video kila siku ya iventi na muangalie pamoja mara mbili, anajifunza zaidi kwa kujiona kuliko kwa maneno yako. Na daftari, andika uzito, mita, sekunde, nani alidondosha wapi. Bila daftari unakochi kwa kumbukumbu na kumbukumbu inakudanganya.

Siku yenyewe nenda kwenye kikao cha kanuni asubuhi na mchezaji wako, uliza swali hata kama unaona la kijinga. Kama yeye hayupo wa kwanza kwenye mpangilio angalia waliotangulia, sakafu inateleza? jiwe limelowa? wengi wanadondosha wapi? Mpashie misuli mapema asisimame kwenye jua, na akishapanda uwanjani mpe neno MOJA tu, mlilokubaliana mazoezini. Kwa wangu wa logi neno ni "viwiko". Ukipiga kelele mambo matano hasikii hata moja, na kumfundisha kitu kipya siku hiyo ni kumuonea. Kama repu inagoma na sekunde zimebaki mwambie aweke chini, avute pumzi tatu, arudi. Repu moja inamtoa kwenye sifuri.

Kwenye begi weka mkanda, chaki, viatu viwili (soli bapa ya dedilifti na yenye kushika ya kutembea), soksi za magoti, kamba za mikono, plasta za kiganja, taulo, ndizi, mkate, maji yenye chumvi na sukari kidogo. Kula kidogo kidogo kati ya iventi, vitu ulivyozoea tu. Ile gundi ya kupaka mikononi ili ushike mawe, inayotokana na utomvu wa misonobari, kwenye joto letu inayeyuka inakua kama asali, iweke kwenye ubaridi mpaka dakika chache kabla na paka kidogo. Kuitoa sabuni haisaidii, tumia mafuta ya kula na kitambaa alafu ndo sabuni, na ufanye kabla hujapanda daladala maana utagandana na kiti.