Somo: Vumbi la nyuklia, tangi la mvua na maziwa ya mtoto

Kinu cha nyuklia cha Buyende, Uganda, bado kiko kwenye mipango, lakini hatua hizi za kujikinga kinu kikivuja hazibadiliki kwa nchi. Kwanza jua ni isotopu gani, yaani aina gani ya chembe zenye mionzi, imetoka. Iodini 131 hupungua nusu kila siku 8 na hukimbilia tezi ya shingo, ile inayofura mtu akipata rovu. Sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na mwili huipokea kama potasiamu, madini ya kawaida ya mwilini.

1. Ingia nyumba ya matofali, chumba cha katikati. Bati huzuia vumbi, halizuii mionzi ya gama, inayopenya vitu. Ziba matundu ya hewa juu ya madirisha kwa kitambaa kibichi. Sigiri isiwashwe humo: moshi wake utawaua kabla ya mionzi.

2. Chomoa mfereji wa paa kwenye tangi kabla mvua haijanyesha. Maji yaliyokuwemo, tangi likiwa na kifuniko, yatumike. Kuchemsha hakusaidii, isotopu si kijidudu. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huzidi ukali.

3. Aliyekuwa nje avue nguo mlangoni, azikunje upande wa nje uingie ndani bila kuzikung'uta, azifunge kwenye mfuko. Hapo vumbi jingi limeshatoka. Aoge kwa sabuni na maji ya vuguvugu, asijisugue hadi kuchubuka.

4. Maziwa ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa watoto. Baada ya kinu cha Chernobyl, Ukraini, kulipuka 1986, ng'ombe walikula majani yenye iodini hiyo, watoto wakanywa maziwa, maelfu yao wakapata saratani ya tezi. Ng'ombe afungwe bandani, ale nyasi kavu zilizokatwa mapema na kufunikwa. Mtoto apewe maziwa ya unga ya kopo lililofungwa kabla ya ajali.

5. Potasiamu iodaidi, kidonge cha kuikinga tezi na iodini yenye mionzi: mtu mzima miligramu 130, miaka 3 hadi 12 miligramu 65, mwezi 1 hadi miaka 3 miligramu 32, kichanga chini ya hapo 16. Humezwa wizara ya afya ikiagiza tu, ndani ya saa 24 kabla ya vumbi kufika au saa 2 baada yake. Saa 24 baada ya vumbi kufika zikishapita, acha. Kwa sesiamu haifanyi kitu.

MASWALI

Mama Zaina, Arua: Mwalimu, chumvi yenye iodini haitoshi?
Haitoshi, mama. Kidonge cha 130 kina takriban miligramu 100 za iodini. Chumvi yenye miligramu 40 kwa kilo, ungekula kilo mbili na nusu.

Juma, Katwe: Nimeletewa kwenye skrepa chombo kidogo, kizito kama madini ya risasi, kina alama ya mapezi matatu. Nikikate?
Usikiguse, kaka! Hiyo ni alama ya mionzi. Ondoa watu wote mita 30, mwite polisi, naye ataliarifu Baraza la Nishati ya Atomiki. Kwa Uganda naliogopa hili kuliko kinu. Goiânia, Brazili, 1987, waokota vyuma walibomoa kichwa cha mashine ya tiba iliyotelekezwa. Unga wa sesiamu uling'aa buluu gizani, watu wakaupaka mwilini. Walikufa wanne.

Juma: Kijana aliyekibeba yuko sawa?
Anawe mikono, avue nguo kama hatua ya 3, aende hospitali leo hata kama haumwi. Awaambie alikibeba mkononi au mfukoni, na kwa muda gani.