Ukuta ya jirani inalalia kwako? Njia ya kufuata mu Lubumbashi, kuanzia karitie mpaka tribinali

Jambo yenu bote. Kila mwaka mvula ikikaribia, mu mwezi wa 10 na wa 11, batu banaanza kuniuliza maneno moja: ukuta ya jirani imepasuka, jirani amepandisha etaji juu ya nyumba ya zamani, manjanja (mabati) ya kwake inataka kuruka, nifanye nini. Na wengi banangoja paka siku ukuta inaanguka juu ya jikoni njo banakimbia ku komini. Nimeandika yote hapa fasi moja, musome pole pole, na wale beko Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, Kamalondo, Annexe ao Lubumbashi yenyewe, njia ni ile ile moja. Jambo moja mushike mbele ya kuanza: kama haiko mu karatasi yenye kashe (muhuri), ku serikali ni sawa haukusema kitu.

Hatua ya 1: angalia mbele ya kulalamika

Kila ufa haiko hatari. Ule mwembamba wa mu krepi (simenti ya kupaka ku ukuta) peke yake, krepi inakauka tu, usiende kusumbua mutu juu ya ile. Wa kuogopa ni ule unakata matofali yenyewe, mara mingi unaanzia ku pembe ya dirisha ao ya mulango na kupanda upande upande, chini mwembamba na juu mpana. Kama kidole kinaingia, usilaze mutoto karibu na pale. Sasa chukua uzi, funga jiwe, ninginiza juu ya ukuta, utaona kama ukuta imenyooka ao imelala, na uko na haki ya kufanya ile upande ya kwako bila kuingia mu lupangu (kiwanja) ya mutu. Haujui kama ufa inaendelea? Paka kipande kidogo cha plasta juu yake, andika tarehe na kalamu, kikipasuka ujue ukuta ingali inatembea.

Angalia pia chini. Hapa kwetu nyumba mingi ni ya matofali mabichi, na tofali bichi inakufia chini, fasi maji ya manjanja inarukia kila siku ya mvula mpaka udongo inalegea, juu unaona nyumba nzuri na chini imekuwa potopoto. Ku ukuta ya lupangu, tafuta kama waliacha matundu ya maji kupita, juu maji ikisimama nyuma ya ukuta yenye haina tundu wala koloni (nguzo) ya betoni, ile maji njo inaisukuma. Na mchwa, usiisahau, inakula mbao za paa ndani kwa ndani na inje hauoni kitu, siku ya upepo manjanja inaondoka na mbao zake.

Etaji nitakawia kidogo, juu njo inaniumiza roho zaidi. Mutu alijenga fondasio ya nyumba ya chini, miaka inapita, anapata feza, anapandisha dali (sakafu ya betoni ya juu) juu ya kuta zile zile bila koloni hata moja na bila mutu wa kumuhesabia uzito. Tena banatoa mbao za kushikilia dali haraka haraka juu banataka kuzipeleka ku shantie ingine. Nguvu ya betoni inapimwaka ku siku 28, na ndani ya siku za kwanza inaomba kumwagiwa maji, mu jua yetu ya mwezi wa 9 betoni yenye haikumwagiwa inapasuka na inabaki zaifu maisha yake yote. Ukiona mu lupangu ya jirani banafanya ile, piga foto siku ile ile.

Foto zako ziwe na kitu cha kupimia, rula ao hata kalamu kando ya ufa, na piga kila wiki fasi ile ile moja.

Hatua ya 2: zungumuza na jirani, lakini na shahidi

Enda na mutu mukubwa wa avenyu, mama ao tata mwenye banaheshimiaka, mubishe hodi vizuri, musiende na matusi. Mara mingi jirani hana feza tu, na munaweza kusikilizana: yeye anatoa simenti, wewe unatoa masoni (fundi wa kujenga). Kama amekubali, andikeni mu karatasi na tarehe ya kumaliza, mutie sahihi wote watatu. Kama amekataa, rudi nyumbani bila fujo.

Hatua ya 3: barua

Hapa njo batu banakosea. Banaenda kwa shefu wa karitie, banalalamika kwa mdomo, shefu anasema "nitakuja kuona", inaisha. Shefu wa karitie mumuheshimu na mupite kwake mbele, anajua lupangu zote na anaweza kuita jirani, lakini kwa sheria ya 2008 juu ya miji na komini, komini njo iko na nguvu yake yenyewe, karitie haina. Kwa vile barua inaandikiwa bugumestri (mukubwa wa komini), kopi kwa shefu wa karitie, kopi kwa servisi ya urbanismu na Abita ya komini (ile ya mambo ya kujenga na ya nyumba), na kama hatari ni ya leo ao kesho, kopi kwa Protection civile (servisi ya serikali ya kuokoa batu mu hatari).

Barua isipite ukurasa moja. Ueleze fasi (avenyu, namba, karitie), kitu gani iko mbaya, nani analala pale, na kitu unaomba: baje kuangalia na baandike peve (karatasi ya serikali ya kueleza kitu bameona). Usiandike kama jirani ni mulozi ao mwizi, nimeona barua za namna ile zinatupwa. Bandika foto. Sasa sikiliza vizuri: toa kopi mbili, ile ya kwako baipige kashe na tarehe ku sekreteri. Bakikataa kupiga kashe, usiache barua pale, rudi kesho yake na mutu mwingine.

Hatua ya 4: siku ajenti banakuja

Ajenti wa kweli iko na karte ya servisi na orde ya misioni yenye jina ya avenyu yako. Mwambie akuonyeshe, haiko dharau. Anapima, anauliza mwenye nyumba permi ya kujenga (tangu arete ya waziri ya tarehe 26/6/2013 permi inaombwaka mbele ya kuanza kazi, haiko nyuma), kisha anaandika peve. Soma peve mbele ya kutia sahihi, na omba namba yake.

Makuta: kama kuna kitu cha kulipa, banakupatia noti ya persepsioni (karatasi ya serikali ya kuonyesha feza ya kulipa) na unalipa ku banki. Feza ya kutia mu mukono wa mutu haina risiti na haitakusaidia siku ya tribinali.

Hatua ya 5: onyo, na nyuma ya onyo

Kama peve inasema hatari, mwenye nyumba anapata barua ya onyo na siku za kutengeneza, ao banasimamisha kazi, ao banachora msalaba mwekundu ku ukuta, maana yake ni ya kubomoa. Watu banafurahi siku ile na banaenda kulala. Musilale! Mu muji wa Marseille, Ufaransa, tarehe 5/11/2018 nyumba zilianguka ku barabara ya Aubagne na batu 8 bakafa, na ndani ya moja ya zile nyumba fundi wa kuchunguza alikuwa amepita mwezi ule wa 10, batu bakaruhusiwa kurudi. Kwao kuna feza na mafundi, na bado ilitokea. Kwa vile siku za onyo zikiisha, andika barua ya pili, weka namba ya peve na kopi ya barua ya kwanza, na hii ya pili iende mpaka ku meri (ofisi ya mukubwa wa muji).

Na ndani ya ile wakati yote hamisha vitanda upande ingine, funga njia yenye batoto banapitaka, weka miti ya kushikilia upande ya kwako. Hatari haingojake kashe.

Hatua ya 6: tribinali

Kod sivili kitabu cha tatu, ile ya tarehe 30/7/1888 yenye tungali tunatumia, artikle 262 inasema mwenye jengo njo analipa hasara kama jengo limeanguka juu ya kukosa kulitunza ao juu lilijengwa vibaya. Muangalie nguvu ya ile artikle pamoja na kopi zako zenye kashe: jirani akisema "ni mvula, ni Mungu", wewe unatoa barua ya mwezi wa 8 yenye ilionya wakati jua ilikuwa inawaka. Avoka (wakili) akipata karatasi za namna ile kazi yake inakuwa nusu.

MASWALI YENU

Mama wa Katuba: Mwalimu aksanti sana. Miye sina sertifika, niko paka na fishi ya lupangu ya marehemu bwana yangu. Naogopa nikiandika komini banaanza kuuliza karatasi zangu miye.

*Jibu:* Mama, uoga wako naelewa. Lakini kulalamika juu ya hatari na kushindania udongo ni bintu mbili. Artikle 262 haiulize kama uko na sertifika, hata mupangaji, hata mupita njia mwenye tofali imemuangukia anaweza kuomba. Andika bila woga. Na fishi ile, anza pole pole kuifuatilia ku kadastre (ofisi ya kupima lupangu), juu kwa sheria ya udongo ya 1973 sertifika njo inaonyesha mwenye lupangu.

Mupangaji Kampemba: na kama nyumba mbovu ni ile nalala ndani yaani mwenye nyumba anakula kodi kila mwezi paa inavuja mbao zimeoza nikisema anasema toka

*Jibu:* Ndugu yangu, kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31/12/2015 juu ya kupangisha nyumba, ilete mbele yake. Mwandikie yeye mbele, kisha enda ku Abita ya komini, kule njo banasikilizaka mupangaji na mwenye nyumba mbele ya tribinali. Usiache kulipa kodi kwa hasira, juu akikupeleka yeye wa kwanza utaonekana wewe njo mukosefu.

Kijana wa Ruashi: Yaya, kwetu batu banajenga chini ya nyaya kubwa za SNEL (shirika ya umeme) na komini inajua, mumoja ameshapata mpaka karatasi.

*Jibu:* Karatasi ya komini haiondoe moto mu waya. Pale barua iandikiwe SNEL na kopi kwa bugumestri, na ile jirani mwenye anatega manjanja chini ya waya mumuambie leo, musingoje jibu ya barua, juu manjanja na feri ndefu mu mukono wa masoni njo inauaka mbele ya nyumba kumalizika.

Tata wa Kenya: Shimo ya choo ya jirani iko karibu na kisima yangu, ni ile ile njia?

*Jibu:* Ndiyo tata, ila kopi ya barua inaenda ku servisi ya mazingira na usafi ya komini. Wataalamu banashaurika metre 30 kati ya choo na kisima, mu lupangu zetu ndogo ile haipatikane, kwa vile maji ya ile kisima musiyanywe bila kuchemusha, hata yakionekana safi.

Dada wa Bel-Air: Mwenye nyumba alikufa, batoto banapigana, nyumba iko wazi na ukuta inalala. Barua nitaandikia nani?

*Jibu:* Dada, andika "Kwa warithi wa marehemu fulani", ukijua likidateri wa urithi (mwenye anasimamia kuugawa) weka jina yake pia, na kama kuna mulinzi ao mupangaji ndani mupe kopi atie sahihi kama amepokea. Komini ipate yake siku ile ile moja. Nyumba yenye haina mutu iandikwe ku kichwa ya barua kabisa, "haina mukaaji", juu ajenti akifika akikuta mulango umefungwa anarudiaka tu. Wewe uwe pale siku ile, umufungulie upande ya kwako apige foto kutoka kule.