Kuchora mkunjo unaojikata kwa kutumia parameta

Chukua mlinganyo y² = x²(x + 1). Ukitafuta y kwa kila x utapata y = ±x√(x + 1), yaani thamani mbili za y karibu kila mahali, na wengi hukwama papo hapo: hawajui nukta ipi iunganishwe na ipi. Mkunjo huu hupita kwenye (0, 0) mara mbili. Njia ya kuutuliza ni kuzifanya x na y zote mbili zitegemee herufi moja, t, ambayo ndiyo parameta.

Pitisha mstari mnyoofu kwenye nukta ambapo mkunjo unajikata: y = tx, t ikiwa mteremko wa mstari huo. Weka tx mahali pa y:

t²x² = x²(x + 1)

Gawanya pande zote kwa x², x isiwe 0. Unabaki na x = t² − 1, na kwa kuwa y = tx, basi y = t³ − t. Kugawanya kwa herufi ndiko hupoteza nukta, kwa hiyo kagua: je, (0, 0) imebaki? Imebaki, t ikiwa 1 au −1.

Sasa andaa jedwali:

t = −1.5: (1.25, −1.875)
t = −1: (0, 0)
t = −0.5: (−0.75, 0.375)
t = 0: (−1, 0)
t = 0.5: (−0.75, −0.375)
t = 1: (0, 0)
t = 1.5: (1.25, 1.875)

Unganisha nukta kwa kufuata mpangilio wa t, kamwe usifuate ukubwa wa x. Mkunjo unatokea chini kulia, unapita (0, 0), unazunguka kitanzi upande wa kushoto, unarudi (0, 0), kisha unapanda kulia. Ukipanga kwa x, kitanzi kinageuka kuwa msumeno.

Nukta saba hazitoshi kukipa kitanzi umbo lake. Mteremko wa mkunjo ni dy/dt (kasi ya y kubadilika t inapobadilika) ukigawanywa kwa dx/dt (kasi ya x), yaani (3t² − 1)/(2t). Unakuwa 0 pale t² = 1/3, kwa hiyo kilele cha kitanzi kipo karibu na (−0.667, 0.385), na chini yake (−0.667, −0.385). Pale t = 0 kigawanyi ni 0: kwenye (−1, 0) mkunjo unasimama wima, basi uuviringe, usiuchongoe. Kwenye (0, 0) parameta inakupa miteremko miwili, −1 kwa pito la kwanza na 1 kwa la pili. Mlinganyo wa x na y peke yake ungekupa 0/0 hapo, ndiyo sababu kwa mikunjo ya namna hii mimi huanza na parameta.

Kurudi kwenye x na y ni rahisi: t = y/x, iweke kwenye x = t² − 1, kisha zidisha kwa x². Shida ni mipaka. Ukiambiwa t ni kuanzia −1 hadi 1, umepewa kitanzi tu, lakini y² = x²(x + 1) huchora na mikono miwili ya kulia. Vivyo hivyo x = sin t, y = sin² t hutoa y = x², ila nukta haivuki x = −1 wala x = 1; inakwenda na kurudi juu ya kipande hicho tu. Andika mipaka ya x kando ya mlinganyo kabla hujaifuta t.