Friji ya Pikapu Kwenye Mpaka wa Jimbo: Tahadhari kwa Ndugu wa Tanga Walioko Australia

Ndugu wengi wa Tanga wanaofanya kazi katika miji ya mashambani ya Australia huishia kununua friji ya kubebeka na kuifunga nyuma ya pikapu, na sababu yao naielewa vizuri. Nyama ya halali mara nyingi inabidi ifuatwe mjini, na mji uko mbali: kutoka Melbourne hadi Mildura ni zaidi ya kilomita 500, na kiangazi joto la huko hupita nyuzi 40, kwa hiyo barafu ya kwenye sanduku haifiki. Lakini anayekushauri juu ya friji hii atakueleza habari za betri na bei tu, wakati balaa lenyewe linakungoja kwenye mpaka wa jimbo.

Kuhusu chombo chenyewe maneno machache yatatosha. Nunua friji ya kompresa ya volti 12, yaani yenye mota ya kupozea kama friji ya nyumbani. Zile za bei nafuu zisizo na kompresa hupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi tu kulinganisha na hewa ya nje, na siku ya nyuzi 40 nyama yako itaoza. Usitegemee tundu la kuwashia sigara, bali vuta waya mnene wenye fyuzi karibu na betri, na ukijaliwa ongeza betri ya pili ili asubuhi gari liwake. Ifunge kwa mikanda ya kukaza, kwa sababu kanuni za huku zinataka vifungo vihimili nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kamba za mpira hazifai kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye mtego. Mtu aliyekulia Tanga anajua kwamba mpaka ni Horohoro. Akitoka Muheza kwenda Moshi na magunia ya machungwa, kizuizi anachokitarajia ni cha ushuru wa mazao, ambapo mtu hulipa, hupewa risiti na kuendelea na safari. Australia ni nchi moja, na kati ya majimbo ya Victoria na Australia Kusini hakuna anayekuuliza pasipoti. Embe, hata hivyo, linaulizwa. Kwenye barabara ya Sturt, baada ya Mildura na kabla ya Renmark, kipo kituo cha ukaguzi cha Yamba, na anayetoka Australia Magharibi kuelekea mashariki hukutana na kingine Ceduna. Kinachosakwa ni nzi wa matunda, hasa nzi wa Queensland na yule wa Mediterania, ambao hutaga mayai ndani ya tunda, na funza wao husafiri humo huku ganda la nje likionekana zima kabisa. Friji iliyo nyuma ya pikapu haiwezi kupita pale bila kufunguliwa.

Mimi nilipigwa faini kwenye kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Mkaguzi aliniuliza kama nimebeba matunda, nami nikajibu kwamba sina, kwa kuwa nilichopakia kwa mikono yangu ni nyama na maziwa. Chini ya vifurushi vya nyama mlikuwa na mfuko wa ndimu na pilipili mbichi, uliotumbukizwa usiku na binamu yangu, mgeni wa siku chache, ambaye baadaye alinieleza kwa upole kwamba samaki haliki bila ndimu. Nia yake ilikuwa njema, ila faini iliandikwa kwa jina la dereva aliyesema hana kitu.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: usijibu swali la mkaguzi kwa kukumbuka ulichopakia wewe. Usiku wa kuamkia safari toa kila kitu kwenye friji, upange upya, kisha uifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Ndugu aliyekuja juzi hatajua, maana nyumbani mtu haulizwi kwa nini amefunga ndimu kwenye kanga, na ni wajibu wako kumwambia kabla hajapanda gari. Ndimu, malimau, machungwa, maembe, nyanya, pilipili na bilinganya vyote vimo katika yanayokatazwa, hata kama jikoni kwetu nusu yake ni vya kutilia mchuzi.

Narudia pia juu ya visingizio. Risiti ya duka la Mildura haikuokoi. Baridi ya friji nayo haikuokoi: wafanyabiashara wanaoua funza kwa baridi huyaweka matunda karibu na nyuzi sifuri kwa wiki mbili au zaidi, seuze safari yako ya saa sita. Chakula kilichopikwa hakina shida, na achari ya chupa hupita. Anayeelekea Australia Magharibi aiache na asali pia. Orodha hubadilika, basi isome kwenye tovuti ya serikali ya jimbo kabla ya kila safari.

Wenyeji hawa wana tabia niliyochelewa kuizoea: hukuamini kwanza, kisha hukuadhibu kwa neno lako. Kabla ya kituo kuna mabango na mapipa ya kutupia, na ukisimama ukatupa mwenyewe hakuna anayekulaumu. Ukishasema huna kitu na kikaonekana, maneno ya "mzee, tusaidiane" hayana nafasi, na ukithubutu kutoa chochote mkononi utageuza faini kuwa kesi ya jinai. Nilidhani tunaonewa kwa rangi yetu, mpaka nikaona wazee wawili wa Kizungu mbele yangu wakipekuliwa karavani yao hadi kwenye droo za vijiko. Ukali huo bado siupendi, wala sipendi kuona matunda mazima yakijaa pipa, lakini nzi mgeni kutoka Asia alipoonekana Afrika Mashariki mwaka 2003 hakukuwa na kizuizi cha namna hii, na mkulima wa embe wa kwetu anajua alichokipoteza tangu hapo.

Ukipigwa faini, usibishane barabarani. Karatasi ile ina tarehe ya mwisho ya kulipa na maelezo ya namna ya kupinga kwa maandishi; ukichelewa, gharama huongezwa juu yake. Ukihama nyumba kabla ya kumaliza suala hilo, hakikisha anwani yako mpya inajulikana, ili barua za ukumbusho zisikupotee.