Chuma kikianza kutoa usaha: dawa inavyofikishwa mle ndani

Ndugu zangu mnaouguza mtu aliyewekewa chuma cha kushika mfupa, nimemuuguza mdogo wangu hapa Ipuli, Tabora, zaidi ya mwaka baada ya ajali ya boda na kosa letu sitaki lijirudie kwa mwingine. Mshono ulishafunga vizuri kabisa, mwezi wa tatu kikatokea kipele, kikapasuka, kikaanza kutoa majimaji halafu usaha, sisi tunakimbilia duka la dawa, anameza kapsuli, kinakauka wiki mbili, kinarudi palepale. Tukafika mpaka kufungua kapsuli na kumwagia unga juu ya kidonda, tukapaka na asali, si unajua sisi na asali yetu. Wapi! Ugonjwa haukuwa kwenye ngozi, ulikuwa umekaa kwenye chuma.

Bakteria akishashika chuma anajijengea utando wa utelezi, wanajibanza humo wengi na wanapunguza kuzaliana, wakati dawa nyingi zinamuua yule anayezaliana. Na chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo unachomeza kinafika kidogo mno. Vile vyuma vya titani au tantalamu vyenye vitundu ndo shughuli zaidi, vimetobolewa makusudi ili mfupa uote na kuingia ndani, fikiria sega la nyuki. Mfupa ukiwahi, chuma kinashika vizuri sana, bakteria wakiwahi wao, wanajificha kwenye vitundu ambako hata brashi ya daktari haifiki.

Sasa fanya hivi. Acha dawa za kujinunulia, mpeleke kwa daktari wa mifupa, kwetu huku watu wanaanzia hospitali ya Kitete au ya Nkinga kule Igunga. Omba kipimo cha kuotesha, yaani bakteria wanaoteshwa maabara ili wajulikane ni wa aina gani, na sampuli itoke ndani kabisa wakati wa upasuaji, vipande vitano hivi vya sehemu tofauti, maana kijiti cha pamba kikipitishwa juu ya tundu kinaokota wadudu wa ngozini tu mnaishia kutibu asiyehusika. Daktari anaweza kusimamisha antibayotiki kama wiki 2 kabla ili wadudu waonekane, ila mgonjwa akiwa na homa kali, anatetemeka au anaongea visivyoeleweka, hakuna kusubiri, ni hospitali muda huohuo.

Kinachofuata ni kusafisha, na hapa msidanganyane, hakuna dawa inayofanya kazi kwenye uchafu. Nyama na mfupa uliokufa vinakatwa, panaoshwa kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali. Kama maambukizi ni mapya na chuma kimeshika imara kinaweza kubaki, kikilegea au usaha ukiwa wa muda mrefu mara nyingi kinatolewa.

Pakishakuwa safi ndo dawa inawekwa palepale. Antibayotiki kama jentamaisini au vankomaisini inachanganywa na simenti ya mfupa (si ya kujengea, ni plastiki inayoganda), inafinyangwa kama shanga na kutungwa kwenye waya, au inajaza pengo la mfupa. Wameanza zamani, Buchholz na Engelbrecht wa Ujerumani waliandika kuhusu jentamaisini kwenye simenti mwaka 1970. Zinachaguliwa dawa hizi kwa sababu simenti inapoganda inatoa joto na zenyewe zinalivumilia. Faida yake ni kwamba pale kwenye mfupa dawa inakuwa kali mara nyingi kuliko ambavyo ungeweza kuipitisha kwenye damu bila kuumiza figo na masikio. Zipo pia shanga za jasi, zinayeyuka zenyewe, kidonda kinaweza kuvuja majimaji kwa muda, usiogope ila mwambie daktari. Kwa vile vyuma vya vitundu, kuna wanaojaribu kuvijaza jeli yenye dawa inayotoka polepole, mengi ya hayo bado ni utafiti.

Dawa iliyowekwa kwenye mfupa haifuti vidonge. Mara nyingi ni wiki 6 mpaka 12, na kama mdudu ni stafailokokasi wanaweza kuongeza rifampisini, ileile ya TB, kidonda kikishakauka. Haimezwi peke yake hata siku moja, wadudu wanaizoea upesi sana. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, ni kawaida, lakini mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au mtu wa ARV amwambie daktari kabla ya kumeza kwa sababu inazipunguza nguvu. Na damu ya kuangalia figo ipimwe, msiiruke hata kama nauli ni shida.

Shanga za simenti zinatolewa baada ya wiki kadhaa, kwani dawa ikiisha simenti yenyewe inakuwa sehemu nyingine ya bakteria kujishikiza. Kwa hiyo kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, hakikisheni idadi imeandikwa kwenye faili na tarehe ya kurudi mnaijua, za mdogo wangu ziliandikwa 20 na siku ya kuzitoa nesi alizihesabu mbele yangu, zikatimia 20.