Somo: Kutoka shahada ya sayansi hadi ualimu wa Baiolojia sekondari, kwa walio Kigoma na Tabora

Somo hili linawahusu wahitimu wa shahada za sayansi zisizo za ualimu, yaani waliosoma zuolojia, botania, sayansi ya viumbe wa majini au uhifadhi wa wanyamapori, na ambao sasa wanataka kuingia darasani wakiwa na sifa kamili. Mimi nilipita njia hiyo hiyo hapa Kigoma. Nilimaliza shahada ya zuolojia nikiamini kwamba anayeijua Baiolojia tayari anaweza kuifundisha, imani ambayo wanafunzi wa Kidato cha Pili waliivunja ndani ya vipindi viwili.

Hatua ya kwanza: kagua shahada yako kabla ya kulipia chochote. Mwalimu wa sekondari hutarajiwa kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na kwa mtu wa Baiolojia somo la pili huwa mara nyingi Kemia au Jiografia. Keti na transkripti yako, yaani orodha ya kozi na alama zako za chuoni, na kalamu, uyapange masomo yote uliyosoma chuoni chini ya vichwa hivyo viwili. Ukiona upande wa pili una kozi moja au mbili tu, peleka swali hilo chuoni mapema, kwa maana ni afadhali kulijua pengo hilo sasa kuliko kuelezwa baada ya kulipa ada.

Hatua ya pili: omba Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Wengi huichanganya na shahada ya uzamili, ilhali hii ni kozi ya kitaaluma ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, na lengo lake ni kumpa ujuzi wa ualimu mtu ambaye tayari ana maarifa ya somo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitoa, na vilevile Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho kina vituo Kigoma na Tabora, jambo linalomfaa mtu mwenye familia au kazi asiyeweza kuhama. Ndugu zetu wa Tabora wana sababu ya ziada ya kujivuna katika jambo hili, kwa kuwa Julius Nyerere, baada ya kupata stashahada ya ualimu Makerere, alifundisha Baiolojia katika shule ya St. Mary's mjini kwao. Jina la Mwalimu halikutoka hewani.

Hatua ya tatu: masomo yenyewe. Utasoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji na tathmini, na mbinu za kufundishia. Ushauri wangu ni mmoja tu hapa: jifunze kuandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, kwa vitenzi vinavyopimika. Ukiandika kwamba mwanafunzi "aelewe vyakula", hutajua kamwe kama ameelewa. Ukiandika kwamba "aweze kupima uwepo wa wanga katika muhogo", mwisho wa kipindi utakuwa na jibu mezani.

Hatua ya nne: mazoezi ya kufundisha. Hapa ndipo mwalimu anapotengenezwa, na ndipo pia wahitimu wengi wa sayansi huzembea kwa kudhani kwamba ni utaratibu wa kujaza fomu. Utapangiwa shule, utapewa vipindi, utaandaa azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula mzima, na maandalio, na mkufunzi atakuja kukaa nyuma ya darasa akiandika.

Nieleze kosa langu. Nilikuwa nikifundisha upimaji wa virutubisho katika chakula, nikataka kutumia vitu vya nyumbani ili wanafunzi waone kwamba sayansi haiishi maabara peke yake. Muhogo ulibadilika kuwa bluu inayokaribia nyeusi nilipodondoshea iodini, na darasa likafurahi. Kisha nikatoa mawese ili nipime mafuta kwa Sudan III, rangi ya maabara inayoyatia mafuta wekundu. Kipimo hicho hutegemea rangi nyekundu kuonekana kwenye mafuta, na mawese ni mekundu tangu yakiwa kwenye chupa! Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa adabu nini kimebadilika, nami sikuwa na la kusema mbele ya mkufunzi. Siku iliyofuata nilirudi na mafuta ya alizeti, kipimo kikakubali, kisha nikatumia dakika kumi kueleza kwamba wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kipindi hicho cha pili ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote nilivyofundisha katika mazoezi. Tangu hapo sipeleki darasani zana ambayo sijaijaribu mwenyewe jioni ya jana yake, hata kama ni mgebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, wa kupasua ili kuonyesha matamvua anayopumulia.

Hatua ya tano: ajira na usajili. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwa mtandao. Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ya mwaka 2018 nayo iliweka msingi wa kuwasajili walimu na kuwapa leseni, kwa hiyo tunza vyeti vyako halisi, na hakikisha majina yanafanana katika vyeti vyote, kuanzia cha kuzaliwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Urambo: Shikamoo mwalimu. Nimejitolea kufundisha Baiolojia miaka mitatu katika shule ya kata. Je, nitasamehewa mazoezi ya kufundisha?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usilitegemee hilo. Mazoezi ni sehemu ya kozi na hutolewa alama, na kinachopimwa ni jinsi unavyofundisha ukiwa unatazamwa na mtu anayejua cha kutazama. Miaka yako mitatu itakusaidia kutotetemeka, lakini pia inaweza kuwa imekujengea mazoea mabaya ambayo hakuna aliyewahi kukuambia.

Mwanachama wa Kasulu: Wanafunzi wangu wametoka shule za msingi zilizofundisha kwa Kiswahili, na sekondari somo ni kwa Kiingereza. Nifanyeje wasibaki wakikariri?

Jibu: Anza kila mada kwa kuandika ubaoni istilahi zisizozidi tano au sita, uonyeshe kitu chenyewe kabla ya kulitaja jina lake, kisha uwaache waeleze walichokiona kwa maneno yao kabla ya kuwadai sentensi ya mtihani. Mtoto wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma wanakoshusha samaki, anamjua samaki kuliko wewe. Anachokosa ni jina la Kiingereza la kile ambacho amekishika mara mia.

Mwanachama wa Nzega: Shahada yangu ni ya uhifadhi wa wanyamapori, na sioni Kemia kwenye transkripti isipokuwa kozi moja ya mwaka wa kwanza. Je, nijaribu?

Jibu: Tazama kwanza upande wa Jiografia, ndugu yangu, kwa kuwa kozi za ikolojia, ramani na matumizi ya ardhi huenda zikakubeba huko. Nenda na transkripti mkononi katika kituo cha Chuo Kikuu Huria hapo Tabora, uombe jibu la maandishi kuhusu masomo yako mawili, na usilipe ada mpaka umelipata.