Wajukuu wakija likizo: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwapikia mboga

Shule zikifungwa Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka, nyumba nyingi za Nairobi hupokea wajukuu. Wazazi wako kazini, kwa hivyo watoto huletwa kwa shosho na guka wakae wiki moja au mbili, pengine mwezi mzima. Wengi wamezoea chipsi, soseji na tambi za pakiti, na wakiwekewa managu (mnavu) wanakunja uso. Ninavyoona mimi, mtoto anayesukuma sahani mara nyingi hana ugomvi na mboga yenyewe. Alikula biskuti saa kumi na moja, akafika mezani ameshiba. Au hajawahi kuigusa ile mboga ikiwa mbichi. Au aliwahi kushurutishwa aimalize. Yote hayo unaweza kuyatengeneza kabla hajafika mlangoni.

Anza kwa kumpigia mzazi simu. Jambo la kwanza ni mzio. Sisi tunaopika mboga kwa karanga za kusaga, au tunaomimina maziwa kwenye mboga za kienyeji, lazima tujue kama kuna mtoto asiyepaswa kugusa karanga au maziwa. Kisha uliza ni mboga gani anazokula tayari, hata kama ni karoti ndani ya wali tu au minji kwenye mchuzi. Hapo ndipo utakapoanzia. Na uongee kwa upole. Mkamwana akisikia unataka "kuwafundisha watoto kula" anaweza kudhani unalaumu upishi wake, na mtoto ni mwepesi sana kutambua kwamba mama na shosho hawasikilizani. Mwambie unachopanga kupika, umuombe asiwafungie begi la krisps na juisi.

Halafu kuna maji. Mboga za majani zinataka maji mengi ya kuosha, na mitaa mingi hapa mjini hupata maji kwa zamu. Jaza mitungi na madramu siku ya zamu yako, kwa sababu maji yakiwa haba, kitu cha kwanza kupunguzwa jikoni ni kuosha mboga.

Kama una balkoni au kipande cha uwanja, panda terere (mchicha) kwenye gunia mwezi mmoja kabla ya wageni wako kufika. Ni mboga ya haraka; ndani ya wiki 3 hadi 4 unaanza kuchuma. Sukuma nunua miche, mbegu zitakuchelewesha. Dania nayo ipande, watoto wanaipenda kwa harufu yake. Gunia moja halitalisha nyumba nzima, lakini mtoto aliyemwagilia mmea na kuuchuma mwenyewe atataka kujua una ladha gani, na hamu hiyo huwezi kuinunua sokoni.

Kuhusu sokoni, nitasema jambo moja kwa mkazo. Ziko mboga zinazokuzwa kando ya mito ya Nairobi kwa maji machafu, na kuosha hakuondoi madini mazito kama risasi yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Mtafute muuzaji unayemwamini, awe mama mboga wa mtaani kwenu au wa Kangemi, na umuulize mzigo wake unatoka wapi. Usione haya kuuliza. Sukuma inunue ikiwa nzima, ukaikatie nyumbani baada ya kuiosha, maana majani yaliyokatwa kisha yakaoshwa hupoteza virutubisho vingi kwenye yale maji.

Nunua pia zile mboga ambazo mtoto wa mjini anadhani ni za mashambani tu, lakini zipange kwa ngazi. Siku za mwanzo ni za vyakula vitamu kwa asili: malenge, karoti, minji, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mahindi mabichi. Kisha terere na kunde changa, ambazo hazina makali. Managu na saga (mgagani), ambazo ni chungu, zije mwisho. Kumkaribisha mtoto na saga usiku wa kwanza ni kumtwika mzigo mkubwa. Watoto huonja uchungu vikali kuliko sisi, kwa hivyo akisema "ni chungu" anasema kweli. Mwamini.

Uchungu wenyewe una dawa, nao mama zetu waliijua. Managu changanya na terere, terere ziwe nyingi zaidi mara ya kwanza. Chambua majani machanga, utupe maua na vitunda vya kijani, kwa kuwa vikiwa vibichi vina sumu. Chemsha kwa muda mfupi, umwage maji hayo, kisha kaanga kwa kitunguu na nyanya, umalizie kwa maziwa au malai na uache ikolee moto mdogo. Maziwa hulainisha ule ukali. Saga ni hivyohivyo, na ikilala na maziwa usiku mmoja kwenye friji, kesho yake ni tamu zaidi. Murenda (mlenda) ni suala jingine: tatizo lake kwa mtoto ni utelezi, wala si ladha. Ichanganye na kunde na umpe na ugali mgumu kidogo anaoweza kuushika vizuri.

Kuna chakula ambacho mtoto wa Nairobi hakikatai, nacho ni chapati. Itumie. Malenge yaliyochemshwa na kupondwa hukandwa pamoja na unga, maji yanapungua, chapati inatoka laini na ya manjano. Weka pembeni ndengu za nazi au maharagwe mazito, yaani ile chapo madondo wanayoijua. Mimi siungi mkono kuficha mboga ili mtoto asijue. Mwambie kwamba hilo ni malenge, tena akusaidie kuyaponda. Akigundua baadaye kwamba ulimficha, atakagua kila sahani yako. Githeri nayo usiipeleke mezani ikiwa kavu: ikaange na karoti na hoho, ukatie parachichi juu. Mafuta ya parachichi husaidia mwili kupokea vitamini A iliyo kwenye karoti na majani ya kijani.

Maharagwe, njahi na dengu zitayarishwe mapema, kwa sababu ukingoja watoto wawe na njaa ndipo uanze kuchemsha, watakula mkate. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Gawanya kwenye vibakuli uweke kwenye friza, kila kimoja cha mlo mmoja. Gesi itapungua kutumika, na jioni kazi yako ni kukaanga tu.

Kiasi je? Shirika la Afya Duniani linapendekeza mboga na matunda kwa pamoja angalau gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Usiyafanye kuwa mzani wa mezani. Matunda yanahesabika, karoti ya asubuhi inahesabika, kachumbari inahesabika. Wale wadogo chini ya miaka 5 usiwape karanga nzima wala vipande vigumu vya karoti mbichi, vinaweza kuwakaba. Kwaruza karoti au uichemshe.

Panga pia saa za kula na uzitangaze siku ya kwanza. Kati ya mlo na mlo yawe maji na tunda, basi. Chai isiandamane na mboga. Iache saa moja hivi, kwa kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharagwe. Ndimu, nyanya mbichi au kipande cha chungwa hufanya kinyume chake, hivyo kamulia ndimu kwenye dengu.

Kubalianeni na guka, na yeyote anayekaa hapo nyumbani, kuhusu maneno ya mezani. Hakuna "maliza mboga ndio upewe soda", kwa sababu hapo unamfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo zawadi. Hakuna kumlinganisha na binamu yake. Weka kijiko kimoja kwenye sahani, kula yako kwa raha mbele yake, na asipogusa, nyamaza. Kesho kutwa kilete tena kikiwa kimepikwa namna nyingine. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi na zaidi ndipo wakizoee, na huenda likizo ikaisha kabla hajafika huko. Ndiyo maana unamwandikia mzazi wake ulipofikia: amekubali terere za maziwa, managu ameonja tu, malenge anayala kwenye chapati, kabeji hataki ikiwa laini lakini mbichi na ndimu anamaliza.

Jambo la mwisho ni tumbo. Mtoto aliyezoea mkate mweupe na chipsi akibadilishiwa ghafla maharagwe na majani mchana na jioni, atajaa gesi na kulalamika, na mzazi atapigiwa simu usiku. Siku 3 au 4 za kwanza toa maharagwe mara moja kwa siku, kibakuli kidogo, ongeza polepole, na hakikisha anakunywa maji ya kutosha.